Milima ya Taita na watoto na mamangu mwenye goti: njia gani ni nyepesi?

binti_wa_shela
Assalam aleikum jamani, na hamjambo wote. Mie niko hapa Malindi, nimezaliwa hapa nimekulia hapa, mlima niujuao ni ule mchanga wa Mambrui tu 😂. Sasa likizo ya Agosti yaja na wanangu (mkubwa ana 11, mdogo 7) wameniganda wataka kwenda mahali pa baridi watembee milimani, wameona picha za Taita kwa simu ya mjomba wao basi hakulaliki. Na mamangu naye asema haachwi, twende wote, na goti lake lile la kushoto likipanda ngazi mbili lishalalamika. Sitaki habari za kupanda na kamba, nataka njia ambayo mtu wa kawaida atembea saa moja saa mbili aone kitu kizuri arudi ale chakula. Taita kuna njia kama hizo ama ni kupanda tu mpaka roho itoke? Na hiyo hewa ya juu haitamdhuru mama? Pressure anayo lakini yatulia kwa dawa.

mdawida_wa_pwani
Kwawuka dada! Mimi kwetu ni Wundanyi, kazi ndo imenileta huku kwenye joto. Kwanza hewa usiogope, Wundanyi iko kama mita 1,400 juu ya bahari na kilele kirefu kabisa cha Taita ni Vuria, mita 2,208. Yale magonjwa ya urefu ya kichwa kuuma na kutapika kwa kawaida yaanzia mita 2,500 kwenda juu, kwa hivo hapo hamfiki hata mkitaka. Ila mama na pressure yake apitie kwa daktari wake kwanza amwambie safari ilivyo, na dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi sio kwenye sanduku.

Sasa njia. Ningekuwa wewe ningelala Wundanyi na kila siku natoka kutembea kidogo narudi. Ya kwanza ni msitu wa Ngangao. Huu ni msitu wa asili uliobaki kwenye mgongo wa mlima, sio mkubwa, ukiingia ndani ni kivuli kitupu, miti mirefu imejaa kuvu na mizizi, na kuna sehemu msitu wakatika ghafla watokea kwenye mwamba mpana mtupu na chini yako ni bonde lote na mashamba ya matuta. Hapo watoto watanyamaza wenyewe bila kuambiwa, lakini uwashike mikono manake mwamba hauna ukuta. Njia ya ndani ni ya kupanda na kushuka kidogo kidogo, sio ngumu. Chukua kijana wa pale akuongoze, wanaijua na hela yabaki kijijini, na mwambie mapema una mzee na watoto akupitishe ile fupi, usipomwambia atakupeleka kwa mwendo wake yeye na mwendo wa Mdawida, yaani Mtaita, mlimani sio wa mchezo haha.

Na mwambie awaonyeshe ndege. Kuna kadege kanaitwa Taita apalis, kadogo ka kijivu, duniani kote kako kwenye hii misitu yetu peke yake na hata hapa kamebaki kachache sana. Watu wapanda ndege kutoka Ulaya kuja kukatafuta, na wewe wa Malindi watoka asubuhi jioni uko nacho.

dereva_wa_zamani
Mdawida amesema vizuri, mie naongeza barabara manake ndo nijuayo. Ukitoka Malindi na gari usiende kujibana Mtwapa na Mombasa, ukifika Mavueni hapo baada ya Kilifi kata kulia, Kaloleni, watokea Mariakani, lami tupu, halafu ni barabara kuu ya Nairobi mpaka Voi. Kuna watu watakwambia pitia Sala, kweli kwenye ramani yaonekana mkato lakini ile yapita ndani ya mbuga ya Tsavo Mashariki, kiingilio chalipwa kwa kila kichwa, na sio njia ya kigari cha chini. Voi washika barabara ya Taveta mpaka Mwatate, hapo ndo waiacha waanza kupanda kwenda Wundanyi na kona ni kona kweli. Mtoto anayetapika kwenye gari mpe kiti cha mbele na usimpe chapati za maharagwe Voi. Kama huna gari, lile treni la asubuhi la Mombasa linalosimama vituo vyote lasimama Voi, ila itabidi mulale Mombasa manake Malindi mpaka stesheni ya Miritini kuiwahi asubuhi ile ni kujitesa na mama mzima.

Nilishawahi kupeleka kundi fulani walilipia safari kwa mtu wa matembezi hapa mjini, akawapangia kwenda na kurudi siku moja. Wallahi watu walikaa ndani ya gari mchana kutwa, mlima wakauona dirishani, wakala samosa wakarudi. Usikubali hiyo.

kaskazi_kusi
Mie nitasema kitu ambacho wengi hawakwambii, Agosti ni kusi. Huu upepo unaochafua bahari hapa kwetu sasa hivi, mashua hazitoki, ndo huo huo waenda kugonga ile milima ukiwa umebeba unyevu wote wa baharini, wapanda, wapoa, wawa ukungu na manyunyu. Kwa hivo upande wa milima unaotazama bahari, huko Ngangao na Mbololo, asubuhi waweza kuamka usione hata mti wa jirani, halafu saa tano hivi pafunguka. Upande wa pili wa kule Taveta ni mkavu kabisa, watu wasubiri mvua. Msianze kutembea alfajiri kama mnavyofanya huku kukimbia jua, kunyweni chai kwanza. Kama shida yako ni kuiona Kilimanjaro kutoka Vuria basi ningesema ngoja Januari ama Februari, Agosti ni bahati nasibu.

Na goti la mama, kupanda sio tatizo kubwa, tatizo kubwa ni KUSHUKA. Ule udongo mwekundu ukilowa ni sabuni. Mkongojo lazima, na raba zenye meno chini, sio zile zilizolika zikawa laini kama ganda la ndizi.

mpenda_lushoto
Samahani lakini mbona hakuna aliyetaja Lushoto, kule milima ya Usambara Tanzania? Irente pale, watoka mjini Lushoto kwa mguu kama kilomita 5 au 6, njia ni barabara ya kijijini tu yapita mashambani, ukifika ukingoni ardhi yaisha waona nyika yote ya Mombo na Mazinde chini huko. Hiyo ndo njia rahisi. Taita sio mbaya ila Usambara ni Usambara.

mdawida_wa_pwani
@mpenda_lushoto hatubishani, milima ni ndugu hiyo, yote ni mnyororo mmoja, Taita ndo kichwa cha kaskazini. Lakini huyu dada ana bibi na watoto wawili, avuke mpaka pale Lunga Lunga, apange karatasi za watoto, apite Tanga, Mombo ndo aanze kupanda, likizo yaishia njiani. Mwaka mwingine.

Dada nimesahau, Vuria yenyewe kuna minara juu na barabara ya gari yafika, kwa hivo mama aweza kwenda na gari nyinyi mkamalizia kwa mguu mkakutana juu. Kukiwa na mvua lakini mwachie dereva wa pale, sio gari lako la Malindi. Na karibu na Wundanyi kuna mwamba wa Wesu, huo ni jioni moja tu, mnauona mji wote chini. Mkipita mahali mkaambiwa kuna pango la mafuvu, hayo ni ya mababu zetu, yaliwekwa pale kwa heshima zamani, msiende bila mwenyeji, msishike na tafadhali watoto wasipige selfi nayo.

mzee_kobe
Pesa yote hiyo na korongo la Marafa liko hapo nyuma ya nyumba.

binti_wa_shela
@mzee_kobe Marafa twaijua baba, tumekwenda, ni pazuri wallahi lakini baridi iko wapi? 😂 Ila umenipa akili, nitawapeleka huko jioni kabla ya safari washuke bondeni wapande, nione goti la mama lasemaje kabla sijalipa chochote.

Ahsanteni sana wote, nimekwisha amua, Wundanyi, siku ya kwanza kupumzika na Wesu, ya pili Ngangao, ya tatu Vuria mbingu ikiwa safi. Mama auliza swali moja tu, maji ya kutawadha alfajiri yakoje huko?

mdawida_wa_pwani
Haha mwambie shikamoo yake na pole yake. Ukitafuta pa kulala uliza kitu kimoja kabla ya bei, kama kuna maji moto ASUBUHI, manake wengine wawasha jioni peke yake. Na blanketi la pili.

binti_wa_shela
Na sweta za watoto nitapata wapi Malindi hii?

dereva_wa_zamani
Mitumba sokoni, nenda asubuhi balo likifunguliwa. Sweta ndo bei rahisi kuliko zote huku, muuzaji atafurahi hata kumuona mtu aziulizia.