Kati ya kitabu cha Survivor na kitabu cha mapishi cha Bake Off, kipi kitamtosheleza mpenzi wa kipindi?

Msomaji wa Sinza (mleta mada)

Wanajukwaa, salaam. Naomba ushauri wenu kabla sijatoa fedha. Muuza vitabu vya mtumba ninayepita kwake kila nitokapo kazini hapa Posta ameniwekea vitabu viwili vilivyotokana na vipindi vya uhalisia vya televisheni. Cha kwanza ni kile ambacho Mark Burnett, mtayarishaji wa Survivor, shindano la kuishi kisiwani ambamo washiriki hutoana kwa kura, alikiandika pamoja na Martin Dugard mwaka 2000 kuhusu msimu wa kwanza wa kipindi hicho nchini Marekani. Cha pili ni cha mapishi, kimojawapo cha vile vinavyotolewa sambamba na misimu ya The Great British Bake Off, shindano la kuoka la Uingereza. Kila kimoja anakiuza shilingi 20,000. Nataka kumzawadia mdogo wangu wa kike, anayevipenda vipindi vyote viwili, lakini uwezo wangu mwezi huu ni wa kitabu kimoja.

Hofu yangu ina sababu. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua kitabu cha shindano moja la uimbaji, chenye picha za kung'aa na bei ya kuumiza, nikakimaliza ndani ya daladala kabla sijafika Mwenge. Kila ukurasa ulinieleza nilichokuwa nimekwisha kukiona kwa macho yangu: nani alivaa nini, nani alilia, nani alitolewa wiki gani. Aliyefuatilia msimu mzima hana haja ya kusimuliwa msimu uleule. Ana kiu ya yale ambayo kamera ilimnyima. Je, kati ya hivi viwili, kipi kitaikata kiu hiyo?

Mzee wa Magomeni

Binti yangu, mimi ningechukua cha Survivor. Msimu ule ulichezwa Pulau Tiga, kisiwa kilicho karibu na Borneo nchini Malaysia, na washiriki walikuwa 16 kwa siku 39. Siku hizo ukizigeuza kuwa saa unapata 936, ilhali watazamaji walionyeshwa vipindi 13 tu, ambavyo hata ukivitazama mfululizo havimalizi siku moja. Saa zaidi ya mia tisa zilikwenda wapi? Zilikwenda katika njaa, mvua, kulala vibaya na mazungumzo ya usiku ambayo mhariri wa picha hakuyapatia nafasi, na mambo hayo kitabu kinaweza kuyabeba kwa sababu ukurasa haukatizwi na matangazo ya biashara.

Kumbuka pia namna mchezo ulivyoisha. Richard Hatch alimshinda Kelly Wiglesworth kwa kura 4 dhidi ya 3 za washiriki saba waliokwisha kutolewa, na dola milioni moja zikaamuliwa na kura hiyo moja. Mpenzi wa kweli wa kipindi hachoki kuuliza kwa nini mtu wa saba alipiga kura alivyopiga.

Mwalimu Temeke

Shikamoo mzee wangu. Hesabu yako ya saa ni sahihi na nimeifurahia, ila naomba kutofautiana nawe kuhusu hitimisho. Aliyeandika kitabu kile ndiye aliyekitengeneza kipindi, na uamuzi wa lipi lionyeshwe na lipi liachwe ulikuwa katika himaya yake. Mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Kitabu cha namna hiyo kinaweza kukupa habari mpya nyingi, za kweli kabisa, lakini kikakaa kimya mahali penye utata: namna washiriki walivyochaguliwa, maswali waliyoulizwa mbele ya kamera ili waseme jambo fulani, na jinsi wanavyoridhika au kutoridhika na sura waliyopewa. Hayo angeyaandika vizuri zaidi mshiriki mwenyewe, au mwandishi wa habari asiyelipwa na kipindi. Kwa hiyo kisomwe, ila kisomwe kama maelezo ya upande mmoja.

Mama Keki Kinondoni

Mdogo wangu wa Sinza, chukua cha mapishi bila kusita. Mimi huoka keki za harusi na za vipaimara, kwa hiyo nasema kutokana na kazi yangu. Kila wiki Bake Off huwa na majaribio matatu, na lile la pili ndilo linalotutesa sisi watazamaji: washiriki wote hupewa viambato sawa na maelekezo yaliyopunguzwa kwa makusudi, wakati mwingine bila hata muda wa kuoka, kisha majaji huonja bila kujua nani ameoka nini. Mtazamaji naye hubaki gizani. Kitabu ndipo kinapokupa maelekezo kamili ya mapishi hayo, yaani kile kilichofichwa kwa washiriki unakishika wewe mkononi. Hapo kitabu hakirudii kipindi, kinakimalizia.

Nakubaliana na Mwalimu kuhusu vitabu vya washiriki wenyewe. Nadiya Hussain alishinda Bake Off mwaka 2015, na mwaka uliofuata akaoka keki ya miaka 90 ya Malkia Elizabeth. Vitabu alivyoandika baadaye vina sauti yake, si sauti ya kipindi. Hata hivyo hivyo ni aina nyingine, na huyu binti hakuwekewa.

Kijana wa Mbagala

Naomba niongeze jambo linaloniuma. Mtanzania Richard Bezuidenhout alishinda Big Brother Africa, shindano la kuishi pamoja ndani ya jumba lenye kamera, mwaka 2007, naye Mtanzania mwenzake Idris Sultan akashinda mwaka 2014 na kuleta nyumbani dola 300,000. Msimu huo wa 2014 uliahirishwa kutoka Septemba hadi Oktoba baada ya moto kuunguza jumba lililokuwa limeandaliwa Johannesburg. Fikirini kitabu cha Kiswahili kinachosimulia wiki zile za kungoja, washiriki wakiwa hawajui kama wataingia mjengoni au la. Ningekinunua hata kwa bei mara mbili ya hivi. Kati ya hivi viwili, naungana na Mzee: simulizi.

Msomaji wa Sinza (mleta mada)

Nawashukuru nyote, na shikamoo Mzee. Nimeamua kuchukua cha mapishi kwa ajili ya mdogo wangu, na kile cha Survivor nimemwomba muuzaji anihifadhie hadi mshahara ujao, ili nikisome mimi nikiwa na tahadhari ya Mwalimu kichwani. Dada Mama Keki, nimefungua kurasa chache nikaona mapishi mengi yanataka ule unga wa Waingereza unaoumuka wenyewe. Madukani kwetu Sinza siupati. Tutafanyaje?

Mama Keki Kinondoni

Usihangaike kuutafuta. Chukua gramu 150 za unga wa ngano wa kawaida, tia vijiko viwili vya chai vya bekin pauda, kisha chekecha mara mbili ili vichanganyike sawasawa. Aanze na keki iliyo nyepesi kuliko zote kitabuni, na oveni aiwashe mapema ishike moto kabla hajachanganya mayai.