Rosa Mistika imenishinda kusoma bila kulia, sasa natakiwa kuandika "mwitiko binafsi". Niandike ukweli au niandike notisi?

MwanachuoMpya:
Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Niko mwaka wa kwanza chuo cha ualimu, somo la Kiswahili. Mkufunzi wetu wa fasihi ametupa riwaya ya Rosa Mistika ya Kezilahabi, na kazi yenyewe haifanani na zile tulizozoea. Hataki dhamira, hataki ujumbe wala falsafa. Anataka kurasa mbili za "mwitiko wako binafsi", yaani kitabu kimekufanya nini wewe uliyekisoma. Halafu kila mtu atasoma ya kwake mbele ya darasa, Jumatatu ijayo.

Shida yangu ni hii. Pale Zakaria, baba mlevi wa Rosa, anapoikamata barua ya mvulana aitwaye Charles na kumpiga Rosa, nilifunga kitabu. Siku tatu sikukigusa. Kwangu mimi ilikuwa simu, si barua. Kidato cha tatu, meseji ya mvulana wa darasani aliyekuwa anaulizia daftari la Baiolojia, na neno moja la ziada mwishoni. Sitaeleza zaidi. Zakaria alikuwa mwalimu, baba yangu naye ni mwalimu, ila baba hanywi hata soda. Ndiyo maana hakuna mtaani atakayeamini nikisema wanafanana.

Bwenini wenzangu wanakisoma kwa vicheko. Kurasa za Rosa akiwa chuoni Morogoro zimekunjwa masikio, na Rosa wameshampa jina mnalolijua. Mimi nilikuwa namwelewa mpaka naogopa.

Nimeandika mara mbili. Ya kwanza inaanza hivi: "Mwandishi amefanikiwa kwa kiasi kikubwa kuonesha athari za malezi mabaya katika jamii." Iko safi, haina mtu ndani. Ya pili ni kurasa nne, nimeiandika usiku mmoja kwa tochi ya simu, na humo baba yumo pamoja na mkanda wake. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba simchukii Zakaria. Kuna mahali alinichekesha, nikajisikia vibaya.

Nipeleke ipi? Na nikiambiwa nisome mbele za watu nifanyeje? Naombeni ushauri, matusi sitaki.

Kibatari:
Peleka ya kwanza. Unatafuta cheti au unatafuta kitubio? Ukikwama nina notisi za uchambuzi, kurasa 12, shilingi 2,000 tu, nakutumia sasa hivi.

Baba Wawili:
Mimi nina mabinti wawili kwa hiyo nasema kama mzazi. Siku hizi kila kosa mnamtwisha Zakaria. Rosa alipofika Morogoro hakuwa mtoto, alikuwa mwalimu mtarajiwa. Nani alimshika mkono kumpeleka kwa wanaume? Andika kwamba uhuru usio na mipaka ndio uliomponza. Utapata alama zako na kwenu kutabaki na heshima.

Tungo Huru:
Baba Wawili, kirudie kitabu. Rosa amekuzwa hajui hata kuongea na mvulana bila kutetemeka, kisha mlango unafunguliwa wote kwa siku moja. Ulitegemea nini? Na Charles aliyetaka bikira, akamwacha alipomkuta siye, mbona hujamtaja? Binti anajiua, hukumu yote bado iko juu yake.

Dada, usione aibu na hizo siku tatu. Kuna uhakiki mzima unaomwangalia msomaji, sisi tuliusoma kwa jina la nadharia ya upokezi. Unasema maana haikai kitabuni ikisubiri kuchumwa kama embe, inazaliwa wewe unaposoma. Kufunga kitabu ni mwitiko tayari. Anzia hapo hapo, wala usitafute utangulizi mwingine.

Mkerewe Halisi:
Naongezea la kwetu. Namagondo, kijiji cha akina Rosa, si cha kubuni, kiko Ukerewe na ndiko Kezilahabi alikozaliwa mwaka 1944. Nilipokisoma shuleni nilikasirika. Niliona kama watu wa bara wanachungulia jikoni kwetu. Nikaandika hivyo kwenye insha, mwalimu akanirudishia na maneno mawili kwa wino mwekundu: "nje ya mada". Tangu siku ile sikuwahi tena kuandika shuleni nilichohisi. Wako ameomba mwenyewe. Mpe.

Mwl Mstaafu:
Binti yangu, salaam. Nimefundisha Kiswahili miaka 31, nakupa kisa kimoja kisha nitakuuliza swali.

Kitabu hiki kilitoka mwaka 1971 na kikapigwa marufuku mashuleni. Sisi tulikisoma kikiwa kimevalishwa gazeti, kinapita bweni hadi bweni. Kilipofika kwangu kurasa za mwanzo zilikuwa zimeng'oka zote. Kwa hiyo kwangu Rosa alianza akiwa msichana mkubwa, hana baba, hana kipigo, hana barua. Nikasoma hadithi ya msichana mhuni, nikacheka kama wanavyocheka wenzako. Nilipokuwa mwalimu ndipo nikapata nakala nzima, na nikakutana na Zakaria kwa mara ya kwanza. Nilikaa kitako. Wenzako wana kurasa zote, lakini wengi bado wanaanzia pale nilipoanzia mimi.

Sasa kuhusu kazi yako. Kila utakapoandika "nilihisi", mwoneshe mkufunzi ni sentensi gani ya kitabu iliyokuhisisha. Mkanda wa baba yako haukuandikwa na Kezilahabi. Uandikie sentensi moja, kisha uandike nne za kipigo cha Zakaria: nani alikuwepo, nani alinyamaza, maneno gani yalitamkwa. Msomaji atakuelewa bila wewe kuvuliwa nguo. Na kile kicheko usikifute. Zakaria angechorwa shetani mtupu, kazi ya kumchukia ingekuwa nyepesi na kitabu kingekuwa chepesi vilevile.

Swali langu: umemtaja Zakaria, umemtaja Rosa, umemtaja Charles. Regina, mama yake Rosa, yuko wapi?

Mama Kijacho:
Mdogo wangu, kuandika ni jambo moja na kusoma mbele ya darasa ni jambo jingine kabisa. Waliompa Rosa hilo jina ndio watakaokuwa wamekaa mbele yako Jumatatu. Mfuate mkufunzi ofisini kabla ya siku hiyo, umwambie una sehemu ungependa aisome yeye tu. Huhitaji kumweleza kwa nini. Na kama hayo ya nyumbani bado yanaendelea, basi hapo tumeshatoka kwenye fasihi, nenda kwa mshauri wa wanafunzi.

Kibatari:
Haya, 1,500.

MwanachuoMpya:
Shikamoo Mwalimu. Na wengine wote asanteni, hata Kibatari. Mama Kijacho, hayaendelei, niko mbali na nyumbani sasa.

Mwalimu, swali lako limeninyima usingizi. Nilipekua kurasa zangu nne, Regina hayumo. Si kwa bahati mbaya. Mama yangu naye hayumo, na siku ile alikuwepo. Alikuwa jikoni. Nakumbuka sufuria ya maharage ilivyokuwa inachemka na kumwagika na hakuna aliyekwenda kuipunguzia moto.

Nimerudi kitabuni nikamfuata Regina peke yake, nikiruka wengine wote. Naye anapigwa. Analima, analea watoto, na kesho yake anaamka tena. Mara ya kwanza mistari yake nilikuwa naipita haraka, kama ninavyompita mama akiniuliza "umekula?". Kumbe hasira niliyokuwa nayo haikuwa ya Zakaria, wala sijui kama nina haki nayo.

Nimekwenda kwa mkufunzi. Sikujieleza sana. Kasema nichague ukurasa mmoja tu wa kusoma darasani, uliobaki atausoma mwenyewe na kunirudishia. Nimechagua wa Regina. Baba Wawili, bado sikubaliani na wewe, ila nimekuandikia aya moja ya kukujibu, iko kwenye ukurasa wa pili.

Baba Wawili:
Ukishasoma huko darasani iweke hapa hiyo aya. Mkubwa wangu yuko kidato cha tatu.

Kibatari:
Nimezipitia notisi zangu sasa hivi, zote 12. Regina katajwa mara moja, kwenye orodha ya wahusika.