Pamba ya Bt, mbegu ya zamani au pojo kwanza: udongo unasemaje?

mkulima_mpeketoni: Wenzangu salamu. Shamba langu upande mmoja ni mfinyanzi mzito, upande wa pili kichanga. Nina njia tatu msimu huu, pamba ya Bt iliyobadilishwa jeni, ama HART 89M yetu ya zamani na dawa kama kawaida, ama nipumzishe pamba nipande pojo. Mambo ya bei nayajua, nataka kujua udongo tu, nyungunyungu, kuvu, bakteria, hao wote wanaotulimia bure, Bt inawafanya nini?

mwalimu_hindi: Swali zuri sana. Bt yenyewe imetokana na bakteria wa udongoni, Bacillus thuringiensis, kwa hiyo si mgeni huko chini. Kilichobadilika ni kwamba jeni ya bakteria huyo imewekwa kwenye pamba, sasa mmea mzima unatengeneza protini yake inayoua viwavi, ile yetu iliyoruhusiwa Kenya Disemba 2019 inazo mbili, Cry1Ac na Cry2Ab, halafu masalia yakibaki shambani protini inaingia udongoni. Hapo ndipo mfinyanzi na kichanga vinatofautiana, manake protini hunata kwenye chembe za mfinyanzi na bakteria wanashindwa kuila haraka. Mtafiti Guenther Stotzky na wenzake New York waliona kwenye maabara ikiwa bado inaua viwavi baada ya siku 234! Lakini Marekani walipopima mashamba 6 yaliyolimwa pamba ya Bt miaka 3 mpaka 6 mfululizo, miezi 3 baada ya mavuno hawakuipata Cry1Ac. Kwa nyungunyungu tafiti nyingi hazijaona madhara, sababu protini hizo zinashika utumbo wa viwavi vya nondo.

mzee_wa_ufuta: Mwalimu nakuheshimu lakini mbona tunasikia GMO, haya mazao yaliyobadilishwa jeni, zinaua udongo kwa dawa ya magugu?

mwalimu_hindi: Hizo ni mbili tofauti mzee wangu. Kuna mazao yaliyotengenezwa yavumilie dawa ya magugu ya glaifoseti, soya na mahindi ya Marekani tangu miaka ya 90, hii pamba yetu ni ya kuzuia funza wanaotoboa vitumba. Glaifoseti inaziba kimeng'enya ambacho mimea inacho na bakteria na kuvu wengi pia wanacho, kwa hiyo wasiwasi wako una msingi. Ila waliotumia njia hiyo wengi walipunguza kulima kwa trekta, na udongo usiopinduliwa haumomonyoki sana. Faida na hasara zote zimo.

binti_witu: Mie naona mnaiogopa jeni huku mnaisahau pampu ya mgongoni. Pamba ya kawaida hapa kwetu inapigwa dawa tena na tena, na dawa ile haichagui, siafu, buibui, mende wa ardhini wote chali, na hao ndio wanaokula wadudu wetu. Kwa udongo mimi naweka Bt juu ya HART yenye dawa nyingi, bila kusita. Lakini pojo inazishinda zote mbili, mizizi yake ina bakteria wanaovuta naitrojeni hewani, hakuna mbegu ya pamba inayofanya hivyo.

mzee_wa_ufuta: Hapo kwa pojo nimekuelewa binti yangu. Bado hii Bt ni haibridi, mbegu unanunua kila msimu, mtu akiishiwa pesa anarudi kwa dawa zilezile.

binti_witu: Kweli mzee, tena India funza mwekundu ameshazizoea protini zote mbili, watu wakarudi kupiga dawa. Ndio maana lazima uache mistari ya pamba ya kawaida pembeni isiyopigwa dawa, nondo wa huko wazaane na walio sugu, usugu uchelewe.

mkulima_mpeketoni: Basi kichangani naweka pojo, mfinyanzi Bt na mistari ya HART pembeni. Mabua je, nichome?

mwalimu_hindi: Kama funza walikuwa wengi ng'oa uchome, ndio wanamojificha. Kama shamba lilikuwa safi katakata ufukie na samadi, bakteria wakipata chakula na unyevu protini inaisha upesi zaidi hata kwenye huo mfinyanzi.

mkulima_mpeketoni: Shukran mwalimu, shukran dada. Nani ana mbegu safi ya pojo huku Mpeketoni ama Hongwe?