Kampuni ikishindwa kulipa walioumia kazini, kesi zisimamishwe?

Mwana_Mlolongo: Wadau leteni maoni. Kwa ile Sheria ya Ufilisi ya 2015 hapa Kenya, kampuni ikiwekwa chini ya msimamizi kesi dhidi yake zinasimama mpaka yeye akubali ama korti iruhusu. Sasa mtu amekatwa mkono na mashine naye apange laini na waliouzia kampuni maboksi? Mimi nasema kesi za majeruhi ziendelee.

MzeeWaHesabu: Ziendelee zikule nini? Kila mtu akikimbilia mnada, wa kwanza anabeba lori, wa pili jenereta, wa hamsini anapewa kalenda ya ukutani. WIBA, ile sheria ya fidia ya walioumia kazini, inasema kulemaa kabisa ni mshahara wa miezi 96, sawa, lakini 96 mara sufuri ni ngapi? Wacha kiwanda kipumue kwanza. Na tusidanganyane, kuna watu hujikata vidole makusudi walipwe

DadaZamuYaUsiku: Rudia hapo kwa vidole. Mimi vyangu viwili vilienda saa tisa usiku, kinga ya mashine ilitolewa na supavaiza ati inachelewesha kazi. Nijikate nishindwe kumsuka mtoto wangu??

MzeeWaHesabu: Sijasema wewe dada. Nimesema kuna watu.

DadaZamuYaUsiku: Taja mmoja.

fundi_bomba: mzee hapo umekanyaga waya 😂

Wakili_wa_Mtaa: Turudi kwa mada. Siku hizi hata huanzii kortini, WIBA ya 2010 inakupeleka kwanza kwa mkurugenzi wa usalama kazini.

fundi_bomba: Ni ya 2007 wakili, na nyinyi ndio mlienda kuipinga mpaka Mahakama ya Juu ikawafungia mlango Desemba 2019, unga ulikuwa umeguswa

Wakili_wa_Mtaa: Unga gani? Wewe ukiumia utajaza hizo fomu peke yako? Mnatutukana mchana usiku mnapiga simu "wakili niokolee".

BintiWaPongwe: Poleni majirani. Huku Tanzania mwajiri anachangia WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi ulioanza 2015, ukiumia mfuko ndio unalipa, bosi awe amefilisika asifilisike.

MzeeWaHesabu: Kenya tuwe na mfuko, funguo ashike nani? 😂

Mwana_Mlolongo: Na sisi sheria inamlazimisha mwajiri akate bima, shida ni bima yenyewe ikilala. Kampuni ya bima ya Blue Shield ilipopewa msimamizi 2011 kesi nazo zikagandishwa, ndio maana nikauliza

fundi_bomba: Binti kwani Pongwe ni ya Tanga ama ile ya Zanzibar?

BintiWaPongwe: Tanga kaka, kwenye machungwa

fundi_bomba: Muheza ndio kwenye machungwa usitupime

DadaZamuYaUsiku: MzeeWaHesabu bado nangoja jina.