Nijuaje programu zinazosikiliza kwenye Linux?

Steshenari Mwanjelwa: Wakuu, kompyuta ya dukani ina Ubuntu (aina ya Linux), na wateja wanatumia waifai hiyo hiyo. Nitajuaje programu gani zimeacha mlango wazi? Amri ya netstat inaniambia haipo.

Fundi Uyole: Netstat ya kizamani hiyo. Andika `sudo ss -tulpn`. Bila sudo (ruhusa ya msimamizi), majina ya programu nyingi hutayaona. Anwani 127.0.0.1 ni ya ndani ya kompyuta tu, 0.0.0.0 inasikiliza pande zote, hata kwenye waifai; namba baada ya nukta mbili ndiyo mlango (port).

Steshenari Mwanjelwa: Duh! 0.0.0.0:3306, mysqld, yaani MySQL, programu ya hifadhidata. Daftari la madeni ya wateja limo humo! Na 127.0.0.1:631?

Fundi Uyole: 631 ni ya printa, iache. Kwenye mipangilio ya MySQL weka `bind-address = 127.0.0.1`, iwashe upya, kisha rudia ss.

Steshenari Mwanjelwa: Imekubali mkuu. Nilikuwa natetemeka, na safari hii si baridi ya Juni.