Sheria za nchi nyingine zinazotushangaza: zipi ni za kweli, na zilitungwa kwa nini?

Mwalimu wa Uraia, Mwanza

Wanajukwaa, salamu. Katika makundi ya WhatsApp husambazwa orodha za "sheria za ajabu duniani" ambazo hazitaji kifungu wala mwaka, hivyo msomaji hana namna ya kutenganisha sheria na porojo. Ninafundisha kidato cha tatu, na ningependa wanafunzi wangu wakutane na sheria halisi, hasa zile ambazo kisa kilichozizaa kinajulikana.

Iliyonigusa zaidi ni ya Ufaransa. Kifungu cha 171 cha Code civil, yaani sheria ya kiraia ya nchi hiyo, kinampa Rais wa Jamhuri mamlaka ya kuruhusu mtu afunge ndoa na mchumba aliyekwisha kufariki, endapo ipo sababu nzito na ushahidi usio na shaka kwamba marehemu alikuwa ameridhia. Usiku wa tarehe 2 Desemba 1959, bwawa la Malpasset lilipasuka na maji yakaushukia mji wa Fréjus, yakaua watu zaidi ya 400. Rais Charles de Gaulle alipokwenda kuwapa pole wakazi, mwanamke mjamzito aliyefiwa na mchumba wake alimsihi amruhusu kuifunga ndoa waliyokuwa wameipanga, na kabla mwezi huo haujaisha, tarehe 31 Desemba, sheria ilikuwa imekwisha kupita. Ndoa ya namna hii huhesabiwa kuwa ilianza siku moja kabla ya kifo. Hata hivyo haimpi aliyebaki haki ya kurithi pasipo wosia, na hapo naona watunga sheria walitumia busara kubwa, kwa sababu walimfariji mfiwa bila kuwafungulia mlango wenye tamaa ya mali.

Naomba mwongeze nyingine za aina hiyo.

Mkazi wa Espoo

Shikamoo Mwalimu. Mimi ninaishi Finland, na sheria inayowashangaza wageni hapa ni ya faini inayopimwa kwa kipato, ambayo imekuwepo tangu mwaka 1921. Mahakama au polisi hupanga kwanza idadi ya "siku" kulingana na uzito wa kosa, kisha thamani ya kila siku hutokana na mapato ya mkosaji mwenyewe. Kwa utaratibu uliotumika kwa miaka mingi, huchukuliwa kipato cha mwezi baada ya kodi, zikatolewa euro 255 za kujikimu, na kinachobaki kikagawanywa kwa 60. Kwa hiyo anayebakiwa na euro 2,000 baada ya kodi atalipa euro 29 kwa siku moja, na anayebakiwa na euro 8,000 atalipa 129. Wakipewa siku kumi kila mmoja kwa kosa lile lile la mwendo kasi, wa kwanza atatoa euro 290 na wa pili 1,290. Anayezidisha mwendo kidogo tu hutozwa kiwango kimoja na wenzake wote, lakini akizidisha kwa zaidi ya kilomita 20 kwa saa huingia katika hesabu hii. Mwaka 2002 Anssi Vanjoki, aliyekuwa mkurugenzi wa Nokia, aliandikiwa faini ya euro 116,000 kwa kuendesha pikipiki kwa kilomita 75 kwa saa mahali panaporuhusu 50, ingawa baadaye alikata rufaa na kiasi hicho kikapunguzwa sana kwa kuwa mapato yake yalikuwa yameshuka.

Wakili Msikivu

Dada wa Espoo, maelezo yako ni mazuri, na kimsingi ninaiunga mkono haki iliyomo humo, maana kwetu faini ya barabarani humkosesha bodaboda chakula cha nyumbani ilhali mwenye gari la kifahari huilipa bila hata kuuliza kosa lake. Lakini utaratibu huo unasimama juu ya jambo ambalo hatunalo: polisi wa Finland anaweza kuangalia taarifa za kodi za dereva palepale. Hapa kwetu watu wengi hujipatia riziki katika shughuli zisizo rasmi, kwa hiyo kipimo kama hicho kingemwelemea mwalimu na muuguzi, ambao mishahara yao inaonekana, na kumwacha mfanyabiashara mkubwa anayeficha mapato yake.

Nisahihishe pia uvumi mmoja kabla haujafika darasani. Singapore haikuharamisha kutafuna chingamu. Kilichokatazwa tangu Januari 1992 ni kuiingiza nchini na kuiuza, baada ya wahuni kuibandika kwenye vihisio vya milango ya treni za mjini, milango ikashindwa kufunga na safari zikakwama. Tangu mwaka 2004 ile ya tiba inaruhusiwa kupitia wafamasia na madaktari wa meno.

Mama wa Kisauni

Mwalimu, usiwaache wanafunzi wakidhani kwamba sheria za kushangaza ni za ughaibuni pekee. Wageni wakitua Kenya hushangaa kuambiwa waache mifuko ya plastiki uwanjani. Katazo letu lilianza tarehe 28 Agosti 2017, na adhabu yake inafika faini ya shilingi milioni nne au kifungo cha miaka minne. Rwanda ilitutangulia mwaka 2008, na Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Sisi wa Mombasa hatukuhitaji kuelezwa sababu, kwani kila mvua za masika zilipoanza mitaro ilifurika kwa kuzibwa na mifuko hiyo, na ng'ombe waliokuwa wakilisha majalalani waliimeza. Adhabu naiona kali mno kwa mama mboga aliyefungia sukuma wiki kwenye mfuko mmoja, na hapo ningependa kumsikia Wakili: je, kanuni ile ya Finland isingemfaa huyu zaidi kuliko dereva?