Ushauri: sakafu ya kaboni faiba ya gari la mashindano la wanafunzi, prepregi au infyusheni?

Mnyalu_Ughaibuni
Wakuu habari za muda huu. Niko Ujerumani nasoma uhandisi mitambo, chuoni tuna timu ya Formula Student, yale magari ya kiti kimoja ambayo wanafunzi wanayachora na kuyaunda wenyewe halafu Agosti tunakutana Hockenheim. Mwaka huu nimetupiwa sakafu yote, kuanzia chini ya mapaja ya dereva mpaka difyuza, ile sehemu ya sakafu inayopanda juu kule nyuma.

Sasa ugomvi uko hivi. Kepteni anataka prepregi, ile kaboni inayokuja imeshalowekwa resini na inakaa kwenye friza, tukaioke kwenye autokleivu (oveni yenye presha) ya kampuni moja ambayo ndio kwanza tunaibembeleza na hawajajibu. Mimi nataka infyusheni, kitambaa kikavu juu ya moldi, mfuko, pampu ya vakyumu, resini inavutwa yenyewe, kazi inaishia humu humu karakana. Jamaa wa tatu anasema kaboni ni mbwembwe, tupige faiba ya glasi na hela itakayobaki tununue matairi. Gari la mwaka jana sakafu ilikuwa nyembamba, inabonyea katikati, kwenye kona inaburuza lami mpaka ukingo wa mbele ukachanika. Mwenye uzoefu anisaidie, na kama kuna ujanja wa Formula 1 (F1) unaoweza kushuka mpaka huku kwetu nao nauomba. Natanguliza shukrani.

SpidiGavana
Hongera dogo, unafanya kitu kikubwa. Kaboni sio mbwembwe, mwambie huyo jamaa yako 1981 McLaren walileta MP4/1 iliyochorwa na John Barnard, gari la kwanza la F1 lenye bodi ya dereva ya kaboni, vipande vilitengenezwa na Hercules kule Utah Marekani, watu wa mambo ya roketi. Wengi walikuwa wanasema itavunjika kama glasi. Mwaka huohuo dereva wao John Watson akaigonga vibaya kwenye mbio za Monza, injini ikang'oka, mwenyewe akatoka anatembea, kelele zikaisha. Ila ile ilikuwa ya kumlinda dereva. Sakafu ni kesi nyingine, hapo unachonunua ni ugumu.

Angalia 2022 walivyorudisha sakafu zenye mifereji. Hewa ikibanwa chini ya gari inakimbia, ikikimbia presha inashuka, gari linanyonywa chini. Likishuka mno ile nafasi inaziba, mnyonyo unakata, gari linaruka, linaanza upya, ndio ule mdundo uliomtesa dereva Hamilton kwenye mbio za Baku mpaka akashuka ameshika kiuno. Na kingo za sakafu zilikuwa zinabonyea zenyewe mpaka FIA, wale wasimamizi wa mbio, wakaruhusu kijiti cha kuzishikilia. Sasa F1 na hela zao wanabonyea, nyie je? Swali la kwanza kwa kepteni wako ni sakafu inabonyea milimita ngapi, mambo ya prepregi ya friza au infyusheni baadaye.

Mpita_Njia
Mi nimekuja kusoma komenti tu, gari yangu sakafu ina tundu naiona lami live.

Dada_Hesabu
Mpita Njia 😂😂

Mnyalu, tupige hesabu kwanza maana watu wanabishana hewani. Spidi zenu ni ndogo. Kwa 60 km/h msukumo wa upepo ni kama paskali 170, chukulia sakafu ina skwea mita 1 na mnyonyo wa wastani unalingana na hiyo, unapata kama kilo 17. Kwa 100 inafika kilo 48. F1 kwenye 300, skwea mita hiyohiyo ingevutwa kilo 430 na ushee. Kwa hiyo hicho kitu chenu hakitavunjwa na hewa, kitavunjwa na koni, na kerbu (zile kingo za barabara), na mtu wa timu yenu atakayeikanyaga wakati anamsaidia dereva kuingia, huyo ndio adui namba moja.

Halafu uzito. Tabaka mbili za kitambaa cha gramu 200 kwa skwea mita juu, mbili chini, katikati foamu ya mm 5. Kwa infyusheni safi unapata karibu kilo 1.7 kwa skwea mita, kwa kupaka na brashi kama kilo 2. Prepregi inakuokolea gramu chache tu, tena kwenye sehemu ya chini kabisa ya gari ambako uzito hauumizi sana. Mimi kwa hilo nisingeenda kumpigia mtu magoti.

Na huyo wa glasi msimcheke. Nyuzi za glasi ugumu wake ni karibu theluthi ya kaboni, sawa, lakini kwenye sandwichi, yaani foamu katikati ya ngozi mbili, ugumu unapanda na mraba wa unene wa foamu. Toka mm 5 nenda 10 unapata karibu mara nne. Ina maana glasi yenye foamu ya 10 inaikimbiza kaboni yenye foamu ya 5, inakuwa nzito kidogo basi. Kama huko juu mna nafasi, nenesheni foamu, ndio ugumu wa bei rahisi kuliko wote.

Injinia_Mkorofi
Dada hesabu zako sawa ila umeruka kitu, prepregi resini imeshapimwa kiwandani, leo na kesho kipande ni kilekile. Infyusheni ya wanafunzi saa nane usiku mfuko unavuja nani atajua? Nimeona sakafu ina sehemu kavu ukubwa wa sahani na imepakwa vanishi juu inang'aa. Kepteni hajakosea kihivyo.

FundiFaiba_Msa
Salaam. Mimi ni fundi wa boti za faiba huku Mombasa, magari ya mbio siyajui lakini moldi na resini ndio maisha yangu. Huyo Mkorofi asema kweli kuhusu sehemu kavu, na sababu ni kuwa kaboni ni nyeusi. Glasi ikilowa vizuri yawa kama kioo, kipovu chaonekana, pakavu paonekana peupe. Kaboni haikwambii kitu. Kwa hivyo mdogo wangu, kipande cha kwanza fanya kwa glasi, moldi ile ile, mabomba ya resini pale pale, ukae uitazame resini yapita wapi na yachelewa wapi. Ukishaijua njia yake ndio uweke kaboni.

Kabla hujafungua resini, vuta vakyumu, funga valvu, zima pampu, nenda kanywe chai. Ukirudi sindano ya geji imeshuka, mfuko wavuja, tafuta kwa sikio kwenye zile kona, mara nyingi ni utepe umekunjika vibaya. Sindano haijasogea, endelea. Vakyumu nzuri yakandamiza karibu tani 10 kwa skwea mita, hiyo autokleivu waachie wenyewe.

Na epoksi pima kwa mizani, usikadirie kwa macho, wala usikoroge ndoo nzima kwa pamoja, yajipasha moto yenyewe hadi ianze kufuka moshi na ndoo iyeyuke.

Mnyalu_Ughaibuni
Shikamoo fundi, hii ya glasi kwanza haikutupita hata akilini, tunaifanya. Dada nashukuru kwa hesabu, nimezituma kwenye grupu la timu kepteni kasoma kanyamaza 😅. Sasa naulizia boliti, mwaka jana zilizama kwenye foamu tukawa tunakaza hazikazi. Halafu kuna mtu kapendekeza tuweke sketi pembeni, zile kuta za kuziba hewa isiingie chini ya gari, kama gari la F1 la Lotus 79, inawezekana?

FundiFaiba_Msa
Marahaba. Boliti haikai kwenye foamu, foamu yapondeka. Pale patakapotobolewa toa foamu, weka kipande cha plaiwudi ya boti au jaza epoksi iliyochanganywa na unga mzito, kisha ndio ufunike na kitambaa. Na kama breketi ni ya alumini usiigusishe na kaboni moja kwa moja, huku baharini twaiona, alumini yaliwa upesi sana. Weka tabaka moja la glasi kati yake. Ukikata na kusugua vaa barakoa ya maana, si kitambaa.

SpidiGavana
Sketi sahau. Lotus 79 ilimpa dereva Andretti ubingwa 1978 kwa sketi zinazoburuza chini, 1981 F1 ikapiga marufuku zile za kuteleza juu na chini, na rulbuku yenu inakataa chochote cha kugusa lami, pia inataka gari likisimama na dereva ndani pabaki nafasi ya mm 30 chini. Ila kuna kitu cha kuiba, ule ubao wa chini ya gari la F1, unene mm 10 na unaruhusiwa kulika mm 1 tu, Hamilton na dereva mwingine, Leclerc, walifutiwa matokeo ya mbio za Austin 2023 kwa hilo. Nyie hamlazimishwi, lakini bandikeni vipande vya plastiki ngumu kwenye ukingo wa mbele, vilike hivyo badala ya kaboni.

Dada_Hesabu
Ongezea na hili, wakaguzi wanaweza kukandamiza hiyo sakafu, niutoni 200 kwenye eneo la sm za mraba 225 na isibonyee zaidi ya mm 10, hakikisha na toleo la mwaka wenu. Jaribuni nyumbani, dumu la lita 20 la maji ndio hilohilo, liwekeni juu ya kibao cha sm 15 kwa 15 katikati ya boliti na boliti, mpime kwa rula. Mkifanya na ya glasi na ya kaboni mtuletee namba hapa, Mkorofi anazisubiri.

Injinia_Mkorofi
Nazisubiri kweli. Na picha ya ile sindano ya vakyumu baada ya chai.